Jino la mama halikung'olewa

Juzi nilimpeleka mama kwa daktari wa meno hapa Tanga. Ana miaka 71, na tangu Ngamiani mpaka mlangoni alikuwa na neno moja: wakiwasha ile mashine inayolia, narudi nyumbani. Mimi nilijua ni kung'oa tu.

Mashine haikuwashwa. Daktari alikwangua uozo kwa kijiko kidogo cha mkono, taratibu, bila sindano ya ganzi, akaziba kwa simenti inayotoa floraidi, madini ya kukinga meno yasioze. Kumbe njia hii ilianzia hapahapa Tanzania, miaka ya 1980! Jino la pili lilikuwa limeoza kwenye mzizi, pale ufizi uliposhuka. Hilo alitaka kulipaka tone la dawa ya fedha na floraidi. Husimamisha uozo, ila huacha doa jeusi lisilotoka. Mama akauliza kama litaonekana akicheka. Kidogo, akajibu daktari. "Basi paka, mwanangu, mchumba simtafuti."

Dawa zake za presha ndizo zinamkausha mdomo, na mate yakipungua meno huoza upesi. Kaambiwa anywe maji mara kwa mara na apige mswaki asubuhi na usiku. Kuhusu kashata, bado tunajadiliana.