Siku Moja Maishani Mwangu: Kumsaka Bakteria wa Kuzalisha Protini

Saa moja asubuhi natoa mirija iliyokesha kwenye mashine ya kutikisa. Ndani yake mna nasaba mbalimbali za bakteria Escherichia coli (E. coli) zilizopandikizwa jeni ileile. Wengi hudhani kazi yetu ni kumchagua anayekua haraka, ilhali karibu wote, wakiwa na lishe nzuri na joto la nyuzi 37, hugawanyika kila baada ya dakika 20 au 30. Namtafuta atakayetengeneza protini ngeni kwa wingi bila kuikatakata wala kuikunja vibaya.

Saa mbili wote wamo katika chupa zenye lishe mpya.

Kuanzia saa tatu sipati nafasi ya kuketi. Napima jinsi bakteria walivyoongezeka, yaani jinsi walivyoyafanya maji ya kila chupa kuwa na weupe, kwa mwanga wa nanomita 600, na kipimo kikikaribia 0.6 naongeza IPTG, kemikali inayoiamsha jeni. Tatizo ni kwamba chupa haziendi pamoja. Nasaba iitwayo BL21(DE3), anayependwa kwa kuwa hana Lon wala OmpT, vimeng'enya viwili vinavyokata protini, hufika mapema. Mwenzake aliyeongezewa tRNA adimu, molekuli zinazobeba viungo vya kujengea protini, husuasua. Na yupo mmoja ambaye jeni yake huvuja, yaani huanza kutengeneza protini kabla ya kuamshwa, protini ikamdhuru, akabaki palepale huku nikimrudia kila robo saa. Siwezi kumwacha, kwa maana chupa zikiamshwa katika vipimo tofauti, ulinganisho wote hauna thamani. Insulini ya binadamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982 ilitengenezwa na E. coli, na naamini watu waliisimamia kwa subira ya namna hii.

Alasiri navuna seli, nazipasua juu ya barafu, natenganisha maji na mashapo kwa sentrifuji, kisha napitisha sampuli kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa kuwa mistari. Miguu inauma.

Giza limeshaingia rangi ya samawati inapoanza kutoka kwenye jeli. Mstari wa BL21 ni mnene kuliko yote, lakini umo upande wa mashapo: protini imegandamana kuwa mabonge yasiyofanya kazi. Yule msuasuaji wa tRNA ana mstari mwembamba zaidi, nao uko kwenye maji. Kwangu mimi huyo ndiye anayeongoza. Naziamsha chupa za akiba za wote wawili, nashusha joto hadi nyuzi 18 ili protini ipate muda wa kujikunja, na kuziacha zitikisike hadi asubuhi.