Bosi Alishuka Kinyumenyume

Gari la kulala safarini tulilokodi, Hiace, lilikuwa na kila kitu isipokuwa sakafu. Kitanda, kabati, jiko la gesi, sinki. Katikati kilibaki kichochoro ambacho mimi mwenyewe nilipita kwa ubavu. Sasa mpitishe Bosi, mbwa wetu wa aina ya boerboel, kilo 65, na mbele yake Chui, German Shepherd.

Nilitaka tulijaribu la kukodi kabla ya kununua letu. Mbuga za taifa haziruhusu mbwa, kwa hiyo tukashika njia ya Magadi.

Kiserian askari akatusimamisha.

"Mama, umebeba nini huko nyuma?"

"Mbwa, afande."

Hakuridhika. Akainua mlango wa nyuma, akakutana na makalio ya Bosi yamejaa kichochoro chote.

"Mwambie ageuke."

Ageukie wapi? Kabati huku, sinki kule. Bosi akanguruma akitazama mbele, mkia ukimchapa afande tumboni. Watu wa bodaboda wakasogea, mama wa mahindi choma akatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Mwishowe mume wangu akamshika kiunoni, naye Bosi akashuka kinyumenyume, hatua kwa hatua, kama lori linaloegeshwa na utingo mkali. Leseni haikuulizwa tena.

Baada ya Corner Baridi barabara inateremkia Bonde la Ufa, na joto linakungoja huko chini. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, pale pale Chui alipobanwa. Mbwa hupoa kwa kuhema, na kuhema kunataka hewa inayopita. Vidirisha vile vilipitisha vumbi tu. Tulisimama kila mara kuwanywesha maji. Magadi kulikuwa na heroe, basi. Usiku mbwa walikataa kuingia garini, wakalala nje mlangoni, vile vile wanavyofanya nyumbani Lang'ata wakiwa na ua mzima. Kwa bei tuliyotozwa, hata mimi ningestahili chumba chenye feni.

Siku hizi kwenye yadi za Ngong Road, muuzaji akianza kusifu jiko namwomba anionyeshe sakafu. Bosi akilala ubavu na kunyoosha miguu anataka mita moja na nusu kwa mita moja. Tumeipenda Hiace moja tupu ya mizigo, ya paa refu na mlango mpana wa pembeni: kitanda kiinuliwe, mbwa walale chini yake juu ya mkeka wa raba, wavu wa chuma nyuma ya viti, feni darini. Mume wangu bado anauliza sinki litakaa wapi.