Arobaini na sita

Jana usiku mpwa wangu kaja na ile karatasi ya Gredi 9 ya kuchagua mkondo wa sekondari ya juu, STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ama Sayansi ya Jamii ama Sanaa na Sayansi ya Spoti, akakaa hapo mkekani akaniuliza, mjomba, hii ya spoti ni kusoma kweli ama ni kucheza mpira tu, manake mamake ashamkataza asiiguse. Kabla sijafungua mdomo baba akajibu kutoka kitandani kwake. "Ni kusoma, tena kugumu. Mimi nlifanya mtihani wa hilo somo na mjomba wako. Tukapasi."

Tukapasi. Nkashindwa kusema neno.

Ilikuwa 2009, nko mwaka wa kwanza wa A-level. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia Kenya 1985 fomu 5 na 6 zikaja zikafa, kwa hivyo A-level ukitaka ni kwenye hizi shule za mfumo wa Uingereza, na mimi nliingia huko kwa ufadhili wa kuogelea, kuogelea kwenyewe nlijifunzia maji ya Tudor, hapa Mombasa. Nkachukua PE, elimu ya viungo na spoti. Watu hudhani ni kaptura na kipenga. Hoki ya saa nane mchana juani ilikuwepo, sikatai, lakini kulikuwa na anatomia, kulikuwa na historia, mtoto wa mtaa wa Majengo wakariri vile shule za bweni za Uingereza karne ya 19 zilivyoandika sheria za mpira, waeleza kwa nini mwinuko wa mita 2,240 wa Mexico City uliwatesa wakimbiaji wengi 1968 na Kipchoge Keino akachukua dhahabu ya mita 1,500. Mimi kilichonishika ni moyo. Moyo wa mtu wa kawaida akiwa ametulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, kila pigo lasukuma kama mililita 70 za damu, zidisha wapata karibu lita 5. Aliyefanya mazoezi miaka na miaka moyo wake hutanuka ukapata nguvu, pigo moja latosha kazi kubwa, basi hauna haraka. Nliposoma hivyo nlifunga kitabu nkakaa tu.

Tukapewa kazi, chagua mtu mmoja, mpime mapigo asubuhi tatu kabla hajainuka kitandani, umfanyie na jaribio la kupanda na kushuka ngazi, uandike ripoti. Wenzangu wakachaguana wao kwa wao. Mimi nkamchagua baba.

Baba alikuwa na miaka 47 na alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji. Wa Mombasa wajua, mfereji ukikauka wiki mbili ni hao watu ndo wanaotupikisha chai. Mitungi 16 ya lita 20 ni kilo 320, bado hujahesabu mkokoteni wenyewe, na kutoka Majengo mpaka Mwembe Tayari hakuna siku barabara ilimpisha.

Nliingia chumbani kwake kabla ya azana ya alfajiri. Stima hakuna, nna tochi ya simu mdomoni na saa ya mkononi ya kuazima. Nkamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, si gumba, gumba lina pigo lake litakuchanganya. Ngozi yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba mwanzo sikuupata mshipa, nkawa nasogeza vidole kidogo kidogo, kiganja chake kimejaa sugu za mpini wa mkokoteni, na sikumbuki kama nliwahi kumshika baba mkono muda mrefu hivyo tangu niko mdogo. Akafungua macho.

"Watafutani hapo?"

"Nautafuta moyo, baba."

"Uko. Tulia utauskia."

Nkatulia. Pigo. Nkangoja. Nkangoja tena, nkadhani nimeupoteza, alafu ukaja, mzito, wa taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda. Sekunde 15 nkapata 11, nkaona haiwezekani, nkahesabu dakika nzima. 46. Azana ikaanza msikiti wa jirani, baba asubiri tu mkono kaniachia, haulizi, na mimi naangalia ile saa. Nlikuwa naogelea kila siku na wangu ulikuwa 58.

Kesho yake 47, kesho kutwa 46 tena. Nkagawa lita 5 kwa 46, karibu mililita 109 kila pigo. Nlipomweleza akafikiri kidogo akasema, "Kumbe mkokoteni ulikuwa wanisomesha."

Lile jaribio la kupanda tulifanyia barazani, mara 30 kwa dakika, dakika 5, mimi napiga kopo, majirani wahesabu kwa sauti, akamaliza akaomba maji. Siku ya pili goti likafura, hakwenda kazini siku mbili. Akanambia hilo la goti usiliandike, litatuharibia mtihani.

Mwalimu akairudisha ripoti. Akasema lazima awe mwanamichezo, mwenye programu ya mazoezi, mkokoteni si spoti. Pengine kanuni zilisema hivyo, sijui, sikuuliza. Kitabu kilikuwa kimetufundisha mzigo uongezwe polepole alafu mwili upumzike, na baba mzigo wake uliongezwa na ukame wa mifereji na kupumzika hakukuwepo, hayo yote nlikuwa nayo kichwani na sikuyasema. Na kuna kitu kingine nakisema leo mara ya kwanza, nliposikia mkokoteni si spoti, ndani yangu kuna sehemu ilishusha pumzi, kwa sababu sasa darasa halingeisoma ile ripoti. Nkaandika nyingine kwa mwenzangu wa hoki, mapigo 64. Nkapasi.

Baba akauliza, karatasi yetu vipi?

Nkamwambia imepasi.

Miaka 16 anaamini hivyo. Amewaambia wa barazani, kamwambia daktari wa goti, na jana kamwambia mjukuu.

"Iko wapi hiyo karatasi mjomba? Nataka niione kabla sijajaza fomu."

Daftari ninalo, liko kwenye sanduku la bati, mistari mitatu, 46, 47, 46. Ripoti ni nyingine. Nkamwambia ntaitafuta. Baba akanyoosha mkono kutoka kitandani, "Karatasi ya nini, njoo unipime mwenyewe," na yule kijana akaenda akamshika, ameshika kwa gumba. Nkaenda nkampangia vidole viwili pale kwenye mshipa, nkakaa kando, nasubiri atasema ngapi.