Kumngoja Bundi wa Sokoke

Tuliingia katika msitu wa Arabuko-Sokoke kungali giza, mimi na mzee mmoja wa Kigiriama ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Nilikuwa nimetoka Mombasa kwa ajili ya ndege mmoja tu, bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake haufiki sentimita 20 na ambaye anajulikana hasa katika msitu huu wa pwani ya Kenya na katika misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1966. Mzee alikuwa akiisikia sauti yake tangu utotoni.

Gari tuliliacha pale mchanga mweupe wenye miti ya mirihi unapokwisha na ardhi nyekundu yenye miti ya mifunda inapoanza, kwa kuwa bundi huyu hupenda upande huo wenye vichaka vilivyosongamana. Tulisimama kimya hadi tukausikia mfululizo wa miluzi laini, mmoja baada ya mwingine, ukitoka mbali upande wa kushoto. Nilikuwa na sauti ya bundi iliyorekodiwa katika simu, nikamwuliza mzee kama tuipige ili asogee. Alikataa. "Mwanangu, ukimwita hivyo atadhani kuna bundi mwingine aliyevamia mpaka wake, naye ataacha kuwinda aje kugombana na simu yako." Basi tukangoja kupambazuke, naye akiwa ameshauweka akilini upande ule sauti ilikotoka.

Kulipokucha alianza kupekua kichaka kimoja baada ya kingine, akiinama na kuchungulia kutoka chini, maana mchana bundi hawa hulala katika matawi ya chini, pengine kwa kimo cha mtu tu. Mimi nilibaki nyuma na kamera, nikiwasikiliza hondohondo wakipiga kelele juu. Hatimaye akaninyoshea mkono bila kugeuka. Walikuwa wawili, wamebanana kwenye kitawi kimoja, mmoja wa kijivu na mwingine wa rangi ya kutu. Aina hii ina rangi zaidi ya moja, na nilifurahi mno kuziona mbili zikiwa bega kwa bega.

Lakini jani moja lilikuwa limeziba uso wa yule wa kijivu, na mwanga ulikuwa hafifu kiasi kwamba kamera ilihitaji kufunguka kwa muda mrefu ili ipate picha. Kutumia taa ya kamera sikutaka, kwa sababu macho yaliyoumbwa kwa ajili ya usiku hayastahili kumulikwa hivyo kwa karibu. Mzee naye, kabla sijasema lolote, alinieleza kwamba jani na tawi visiguswe, kwa kuwa ndivyo vinavyomficha bundi asionwe na mwewe. Nikaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikaketi chini, nikalingoja jua lipande.

Kungoja huko ndiko ninakokukumbuka kuliko yote. Mbu walinila shingoni na mguu ukafa ganzi, lakini kadiri nilivyotulia ndivyo nilivyozidi kuona: manyoya ya kifua yakipanda na kushuka, vijipembe vya masikio vikisimama kila kijiti kilipovunjika mahali fulani, yule wa rangi ya kutu akimwegemea mwenzake. Yapata saa nne, mwanga ulipenya katikati ya matawi ukawafikia kifuani. Upepo ukalisogeza lile jani, na bundi wa kijivu akafumbua macho yake ya manjano akatutazama. Nilifyatua mara chache tu, kisha tukarudi nyuma polepole tukawaacha palepale.

Njiani mzee alinionyesha kisiki cha mhuhu, mti ambao mbao zake hutafutwa sana na wachonga vinyago. Alikuwa akiufahamu ulipokuwa ungali umesimama, ukiwa na tundu juu ya shina, na inadhaniwa kwamba bundi hawa hutaga katika matundu ya miti mikubwa kama huo. Aliniomba nikipige picha kisiki hicho kutoka pande zote. Nilipomwuliza baadaye ni picha ipi nimchapishie kwanza, alichagua ya kisiki, akasema anataka kwenda nayo kwenye baraza la chifu.