Siku niliyokataa kumwaga maji

Kila nikikaa barazani na mtu akatoboa kwamba nilikuwa zimamoto wa kambi ya jeshi, huwa nafundishwa kazi. "Gesi? Si mnaimwagia maji tu!" Anayesema hivyo kwa kawaida anauza simu au anaendesha tuktuk, nami namsamehe, nampigia muuza kahawa ishara amwongeze kikombe. Nisiyemsamehe ni aliyekuwa na nyota mabegani, akaniambia maneno hayo hayo alfajiri moja, mtungi wa klorini ukilia fyuuu mbele yetu.

Kambi siitaji. Iko Pwani, ina maji yake ya kisima, ina bwawa la kuogelea, na wakati huo ilikuwa na zimamoto wachache waliokabidhiwa gari jekundu pamoja na lawama zote. Inatosha.

Watu hudhani zimamoto wa jeshi anakesha akingoja mabomu. Mabomu yana wenyewe. Likilala vibaya, sisi tunaitwa kusimama mbali. Zetu sisi ni zile shughuli ambazo hakuna anayezitungia sinema: dizeli iliyomwagika, asidi ya betri, rangi na thina za karakana, amonia ya mtambo wa barafu. Na stoo, ambazo ndizo adui mkubwa kuliko wote. Nilikuta siku moja unga wa klorini wa bwawa umewekwa rafu moja na mafuta ya breki. Unga ule ukiguswa na mafuta ya breki hunyamaza kidogo, kama mtu aliyetukanwa anayetafuta jibu, kisha unawaka wenyewe bila kiberiti. Mtunza stoo akaniambia, "Hivi vimekaa pamoja miaka, na havijagombana." Nikavitenganisha mwenyewe siku ya Ijumaa, yeye akiwa msikitini.

Kozi sitaieleza, kozi ni kozi. Nitasema tu kwamba namba za kemikali sikuzijulia darasani. Nilizijulia Changamwe, nimekaa na viazi karai, nikisoma vibao vya rangi ya machungwa kwenye malori ya tangi, yale yenye adabu ya kuvibandika. 1203 petroli, 1202 dizeli, 1005 amonia, 1017 klorini. Hizo hukaa chini kwenye kibao; namba ya juu yake, ya hatari, ikianza na herufi X, maji weka mbali kabisa. Muuza viazi akaanza kuninong'onia kwamba kama nafuatilia lori la wizi, yeye hajaona kitu.

Kuna na suala la ndevu. Barakoa ya hewa haishiki juu ya ndevu, gesi inapita pembeni. Mwenzetu mmoja akachagua ndevu zake, akawa mtu wa pampu hadi alipostaafu, na sijawahi kuona pampu ikitunzwa vile.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana nisipoisema mimi watakuja kuisema wao.

Suti ya gesi inakufunika kuanzia utosini hadi kwenye gambuti, mtungi wa hewa nao umo ndani pamoja nawe. Aliyeibuni bila shaka anaishi kwenye theluji. Mtungi ulioandikwa dakika 30, mimi Mombasa mwezi wa Februari naumaliza kwa 18, nikihema kama mbuzi wa safari. Mwalimu alituambia tunywe maji mengi. Asante sana, mwalimu.

Nikaona nijiokoe kwa akili yangu. Nje ya geti palikuwa na mama akiuza barafu za ubuyu, zile za vimfuko (hii ni kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku 2017), bei ilikuwa shilingi tano, au kumi kama ni kubwa. Siku ya zoezi nikanunua nane. Nikazipanga: mbili kila kwapa, nyingine chini ya mikanda ya mtungi mgongoni. Nikafungiwa zipu. Ndugu zangu, dakika kumi za kwanza nilikuwa peponi. Wenzangu wanayumba, mimi natembea kama bwana harusi. Nikaanza hata kuwaonea huruma.

Halafu ikaja zamu ya kuinua pipa. Nikainama, mikanda ikabana, nikasikia pu! Kisha pu, pu! Maji baridi mekundu yakashuka mgongoni, yakapita mahali ambapo sitapataja, yakajaa kwenye viatu. Nikamaliza zoezi nikilia chwa, chwa kila hatua. Nilipofunguliwa zipu, yule daktari msaidizi akaona wekundu umetapakaa kuanzia kwapani mpaka magotini. Akapiga ukelele. Machela ikaja mbio. Mimi nasema, "Ni ubuyu! Ni ubuyu!" lakini barakoa bado iko usoni, na ndani ya barakoa neno ubuyu linasikika kama mtu anayekata roho. Nikalazwa, nikakatwa fulana kwa mkasi. Aliyegundua ni koplo mmoja aliyeonja kidole.

Jina Ubuyu nimestaafu nalo.

Lakini wazo lenyewe lilikuwa sawa, tatizo lilikuwa ufungaji. Nikaenda kwa fundi wa cherehani Kongowea, akanishonea fulana ya mifuko sita, ya kutia chupa ndogo za maji yaliyogandishwa, zimelala bapa zisibanwe na mikanda. Sijui ilikuwa mia tano au mia saba na kitambaa chake. Fundi aliniuliza kama ni ya kubebea miraa. Mwaka uliofuata tulikuwa nazo nne, na aliyenicheka siku ya machela ndiye aliyeikopa yangu bila kurudisha.

Jambo la pili nililojifunza nje ya kitabu ni upepo. Kitabu kinasema kaa upande unakotoka upepo. Sawa, lakini upepo gani? Bendera iko juu mlingotini, klorini ina uzito mara mbili na nusu ya hewa, inatambaa chini kama paka. Bendera inaweza kuelekea kaskazini na gesi ikakufuata wewe kusini, kwa sababu kuna ukuta wa jiko na uchochoro. Nikachana leso ya mke wangu vipande, nikavifunga kwenye vijiti virefu kama goti, tukawa tunavichomeka ardhini kila zoezi. Vinakwambia ukweli wa pale chini. Leso yenyewe ilikuwa na jina zuri sana, likabaki nusu, na deni lake bado nalilipa.

Na tena upepo una saa zake. Hilo nilifundishwa na mzee wa ngalawa niliyekuwa nikinunua kwake changu. Nilimuuliza mbona anakimbilia kutoka kabla ya jua. "Mwanangu," akasema, "umande unanisukuma bure, wa nini nipige kasia?" Umande huu si ule wa majani, ni upepo wa kutoka bara usiku na alfajiri, unaelekea baharini. Jua likishapanda, nchi kavu ikapata moto, upepo wa bahari unaingia. "Saa tatu hivi," akasema, "saa tatu na nusu ukichelewa sana. Ukiona minazi imenyamaza kabisa, ndio anabadilisha nguo." Nililiandika kwenye daftari la zamu. Mkubwa wangu akalikata kwa kalamu nyekundu.

Basi. Siku yenyewe, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtu wa pampu ya maji alitujia mbio, anakohoa, macho yanamtiririka, ananuka Jik kama shuka la hospitali. Alikuwa anabadilisha mtungi wa klorini ya kutibia maji ya kisima, ule wa kilo 68. Haukuwa umefungwa mnyororo. Ukaanguka, ukajigonga kwenye vali, ukalala chini ukitema. Tukamtia oksijeni, akapelekwa hospitali. Alirudi kazini baada ya wiki kadhaa, na minyororo ikapatikana siku hiyo hiyo, ambayo nilikuwa nimeiomba tangu lini, hata nisiseme.

Tukazuia watu mita 60 kuzunguka kibanda, na upande unakoelekea upepo mbali zaidi. Vijiti vya leso vikaonyesha umande unavuta kuelekea baharini, ambako hakuna mtu. Mungu si Athumani. Mlangoni mwa kibanda kulikuwa na ukungu wa rangi ya ndimu iliyoanza kuiva, umekaa chini tu, mpole.

Ndipo akafika afande wetu, kijana, mwenye shule nyingi.

"Mbona mipira imelala? Mwageni maji!"

"Hapana, afande."

Mwenye kujua jeshi anajua kwamba maneno hayo mawili hayakai sentensi moja. Nikamweleza haraka haraka. Klorini ndani ya mtungi imekuwa kimiminika, na kimiminika hicho huchemka kwenye digrii 34 chini ya sufuri. Kinapovuja kinajipoza chenyewe, shingo ya mtungi inafanya barafu, na uvujaji unapungua. Maji yetu ya Mombasa, hata uyaite baridi, kwake ni moto wa kuni: ukiyamwaga unauchemsha mtungi. Na klorini ikikutana na maji inazaa asidi inayokula chuma, kwa hiyo tundu la sindano linakuwa tundu la kidole. Mpira tuliutandika, ndiyo, kwa ajili ya kuosha watu.

Akanyamaza. Akasema basi tungoje mafundi wa aliyetuuzia mitungi, wako njiani, saa nne watakuwa hapa.

"Saa nne haifai, afande. Saa tatu upepo unageuka, hii yote inakwenda kwenye nyumba za familia."

"Nani amesema?"

"Mzee mmoja wa ngalawa."

Nilitegemea pingu. Akanitazama, akatazama vile vipande vya leso, akaniuliza, "Mnahitaji dakika ngapi?" Kwa hilo nampa heshima yake.

Tuliingia wawili, mimi na kijana wa Kilifi, wawili wengine wamevaa wanangoja nje. Chupa zangu za barafu kifuani. Mkononi nilikuwa na kichupa cha amonia: ukikisogeza mdomo wake karibu na klorini inapotoka, mvuke unafanya moshi mweupe, unakuonyesha tundu lilipo. Usimimine, mvuke tu. Na iwe amonia kali ya maabara. Mwanzoni kabisa nilinunua ile ya kusafishia vioo, nikakaa naipeperusha mbele ya mtungi wa zoezi kama mganga, moshi hakuna, watu wanacheka.

Moshi ukatokea kwenye shina la vali. Mtungi umelala, kichwa kimeinama, kwa hiyo kinachotoka ni kimiminika, tone kwa tone, rangi ya chai nyepesi. Hapo ndipo penye ujanja wote, na ni ujanja wa mpishi: sufuria ikivuja huhangaiki na tundu kwanza, unaigeuza. Lita moja ya kile kimiminika ikigeuka hewa inazidi lita 400. Ukiusimamisha mtungi, vali inakuwa juu, kimiminika kinabaki chini, inatoka gesi peke yake. Bado sumu, lakini sehemu ndogo sana ya ile ya kwanza.

Kuusimamisha sasa! Chuma na klorini yake ni kilo mia na zaidi, glavu mbili mbili, hatusikiani. Tulikuwa tumekubaliana: kofi moja begani, inua, makofi mawili, acha ukimbie. Mara ya kwanza ukateleza, nikaona maisha yangu, na katika maisha hayo niliona zaidi ubuyu. Mara ya pili ukasimama. Sauti ikabadilika palepale, ikawa nyembamba kama ya mbu. Kijana akaukumbatia, mimi nikatia spana, nikafunga vali, kisha nikakaza nati ya shina robo mzunguko. Nikapitisha kichupa. Hakuna moshi. Nikapitisha tena, maana sikuamini.

Lile sanduku la vifaa vya kuufunika mtungi kichwa, Seti A, hatukulihitaji, alhamdulillahi. Tulipolifungua baadaye tulikuta mpira wake umekatwa, kuna mtu ametengenezea bomba la jikoni.

Tulitoka, tukaoshwa, nikakaa chini ya mwembe na chai. Saa tatu kasoro dakika chache minazi ikanyamaza yote. Afande akainua kichwa. Kisha ikaanza kupinda, taratibu, kutoka baharini kuja kwetu. Hakusema kitu, lakini alimtuma dereva akaniletee mahamri.

Mchana nikajaza fomu ya ripoti. Kuna mahali wanauliza kiasi cha maji kilichotumika kuzima. Nikaandika sufuri. Fomu ikarudishwa na karani: zimamoto hawezi kuandika sufuri, haitapita. Nikaifuta, nikaandika lita 80, za kuogea.