Chokaa Iliyowanyeshea Wavuvi

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayesoma fizikia kidato cha sita hapa Tanga, alinijia barazani na swali: "Shikamoo mjomba. Huyu Edward Teller, ni kweli ndiye baba wa bomu la haidrojeni?" Nilimjibu kwamba ubaba huo una wadai wengi, na kwamba kwa upande wangu sioni kama ni sifa ya kugombewa.

Teller, Mhungari aliyehamia Marekani, aliling'ang'ania wazo hilo tangu miaka ya vita, akiamini kwamba joto la bomu la atomu lingetosha kuwasha haidrojeni nzito kama kiberiti kinavyowasha makuti. Mahesabu ya mwanahisabati Stanislaw Ulam na wenzake, mwaka 1950, yalionyesha kwamba moto huo ungezimika kabla ya kushika. Mapema mwaka 1951 wawili hao wakapata njia: fueli ibanwe kwanza kwa nguvu kubwa, ndipo iwashwe, na Teller akaona kwamba kinachofaa kuibana ni mionzi ya eksirei, kwa kuwa huutangulia mshindo wenyewe. Kazi ya kuchora chombo cha kwanza alipewa kijana wa miaka 23, Richard Garwin. Tarehe 1 Novemba 1952 kililipuliwa Enewetak, katika Bahari ya Pasifiki, kikatoa megatoni 10.4, yaani nguvu ya tani milioni 10.4 za baruti kali ya TNT, takriban mara 700 ya bomu la Hiroshima, na kisiwa cha Elugelab kikatoweka. Teller hakuwapo, alikuwa Berkeley, California, katika chumba chenye giza, akitazama nukta ya mwanga ikitikisika kwenye kipima tetemeko.

Hata hivyo, nikifikiria dhima ya wanafizikia katika jambo hili, kinachonijia kwanza si Teller, bali kosa moja la hesabu. Bravo, bomu jingine la haidrojeni la Wamarekani, lililolipuliwa Bikini, visiwa vya Pasifiki hiyohiyo, tarehe 1 Machi 1954, lilitumia lithiamu, na zaidi ya nusu ya lithiamu hiyo ilikuwa ya aina ya 7, ambayo wataalamu wa Los Alamos, maabara ya Marekani ya kuunda mabomu hayo, waliichukulia kuwa haina kazi, kama mchanga uliochanganyika na baruti. Kumbe nyutroni zenye kasi kubwa huivunja ikazaa tritiamu, aina ya haidrojeni nzito, na tritiamu ndiyo kuni kavu kuliko zote. Walitarajia megatoni 6, wakapata 15.

Bikini ni matumbawe, kama miamba yetu. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa, na bado nauona ule unga mweupe uliomkaa kwenye kope kila alipofungua tanuri. Mlipuko ule ulifanya kazi ya tanuri kwa kufumba na kufumbua: matumbawe yakageuka chokaa, chokaa ikapanda angani pamoja na sumu ya mionzi, kisha ikawanyeshea wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa wakivua jodari nje ya eneo lililokatazwa. Waliendelea kuvuta mishipi yao kwa saa kadhaa huku unga ukiwatua vichwani. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo.

Nilipofika hapo mpwa wangu, ambaye baba yake ni mvuvi wa Sahare, hakuuliza tena habari za Teller. Aliuliza wale jodari waliishia wapi. Nikamwambia kwamba waliofika soko la Tsukiji, Tokyo, walipimwa, likachimbwa shimo, wakafukiwa.

"Jodari wabichi, mjomba?"

Wabichi.