Mbegu kwenye pindo la leso

Juzi binti yangu alikuwa akinisaidia kupanga upya kasha la marehemu mama. Akafungua fundo kwenye pindo la leso moja, ikadondoka mbegu nyeusi, ngumu kama kokoto, yenye kikofia chekundu upande mmoja.

"Mama, hii nini?"

Mbegu ya mbambakofi. Nikakaa chini.

Ilikuwa 2011, mama ametoka eda wiki ile. Miezi minne na siku kumi chumbani, kisha asubuhi moja akasema anataka hewa. Tukavuka feri Likoni, tukapanda matatu hadi Ukunda, tukamalizia kwa bodaboda mpaka Kinondo. Nilikuwa nimemwambia twenda ufuoni, na ufuo kweli upo pale pale. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mdogo, hekta 30 hivi, umejikunja kando ya bahari.

Kijana wa Kidigo aliyetupokea alitufunga kaniki kiunoni, akatusomea masharti. Kubwa ni moja: hakuna kinachotoka. Si jani, si kijiti, si mbegu. Kilichoanguka ndani huozea ndani.

"Sawa, mwanangu," mama akaitikia. Na alikuwa mtu wa masharti mama yangu. Hata sindano akiiazima kwa jirani, hailali kwake.

Ndani jua lilikatika ghafla. Kijana alitueleza kwa fahari kwamba 2008 UNESCO iliziingiza kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kwenye urithi wa dunia, ila alikazia zaidi kuwa wazee walikuwa wakiulinda msitu huo kabla ya orodha yoyote. Kisha akasimama kwenye mti mmoja mnene, akasema wageni huukumbatia na kuuachia mizigo yao.

"Mizigo yangu namwachia Mola wangu," mama akasema, kwa upole. Halafu akauliza, "Mti gani huu?"

"Mbambakofi, mama."

Akanyamaza.

Baba alikuwa seremala wa milango. Mbambakofi ndio uliotulisha. Kila jioni alirudi na unga wake kwenye nywele, kwenye kola, ndani ya masikio, na mama alikuwa akimkung'utia shati uani kabla hajaingia ndani. Maisha yake yote aliishi na vumbi la mti huo. Sidhani kama aliwahi kuuona umesimama, una majani.

Akausogelea. Kwanza kiganja kimoja, juu ya gome la kijivu lililobanduka magamba. Kisha cha pili. Kisha akaegemeza shavu, mikono ikajaribu kuuzunguka, haikufika hata nusu. Juu huko mbega walirukia tawi, majani makavu yakamwangukia begani, hakuyakung'uta. Kijana alirudi nyuma hatua kadhaa bila kuambiwa. Mpaka leo namshukuru. Nikamsikia mama akisema taratibu, "Kumbe ni wewe."

Alikaa hivyo mpaka mimi nikaanza kulia. Nikageuka asinione. Nilipomtazama tena alikuwa ameinama, anafunga ndara yake, na alichukua muda.

Mchana tulikwenda Gazi, tukatembea juu ya daraja la mbao la akina mama katikati ya mikoko. Alasiri akasali Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini chini ya mibuyu. Magharibi ilitukuta ferini. Majirani aliwasimulia mikoko, akawasimulia msikiti na mibuyu yake. Mti hakuutaja kwa mtu.

Na ndara zake za siku ile, sasa ndiyo nakumbuka, hazikuwa na kamba ya kufunga.

Au nakumbuka vibaya. Mbambakofi haumei Kinondo peke yake. Huenda hata baba ndiye aliyeleta mbegu hii, zamani, kutoka kokote alikofuata mbao. Leso haisemi.

Binti yangu anataka kuipanda kwenye kopo. Nimemwambia asubiri. Nikifikiria wale wazee na lile sharti lililoufikisha msitu ule kwetu, naona nivuke feri kesho niirudishe mzizini. Nikifikiria vidole vya mama vikilikaza fundo lile gizani, siwezi hata kuitoa chumbani.

Nimeifunga tena kwenye pindo lile lile, fundo mara mbili, kama alivyolifunga yeye.